Tabibu Dulmaa na Mtoto Aitwaye Si-Mtu

Dawa za Dulmaa zilisafiri kifuani mwake. Majira ya baridi kwetu chupa ikikaa kwenye mfuko wa tandiko inapasuka kabla farasi hajavuka kijito, kwa hiyo alizifunga kwenye kitambaa cha sufu akazitia ndani ya joho, karibu na ngozi. Akiingia kwenye hema la watu kitu cha kwanza alichofanya ni kujipapasa kama mtu aliyepoteza funguo. Wanaume walimtania kwamba kifua chake ni duka, na kwamba ndiyo maana mumewe alikimbilia migodini, alichoka kulalia chupa. Yeye alicheka nao. Kisha aliwauliza nani kati yao amejichoma sindano ya kondoo msimu huu, na kicheko kikaisha.

Alikuwa tabibu wa bonde letu lote. Umri wake ulikuwa hamsini na kitu, sikio la kushoto limeliwa na baridi, mtoto wa mfuga ngamia ambaye alisomea kazi mkoani akarudi kwa watu wake. Watu wa kwetu wanapenda sindano. Mtoto akipiga chafya mara mbili, mama anataka achomwe, na asipochomwa anaona tabibu ni mchoyo. Dulmaa aliwaambia mafua hayaisikii dawa ile hata kidogo, mpeni chai, mpeni mchuzi wa mkia wa kondoo, alale. Wengine walimnunia mwaka mzima. Hakubadilika.

Na pale ambapo dawa ilihitajika kweli, hakuitoa kwanza. Aliuliza mtoto ana uzito gani, amemeza nini siku hizi, na kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Hilo la mwisho aliliuliza mara mbili, mara kwa mama na mara kwa bibi, kwa sababu, alisema, akina mama husahau na akina bibi huficha.

Sisi tulihamia bondeni kwake vuli ile, tukitokea ng'ambo ya mlima. Tulikuwa Bibi Yanjmaa, mjomba wangu Damdin, mkewe Hulan, mimi, na mtoto wao. Nitaeleza habari ya mtoto huyo kama ilivyokuwa, ila jina lake la kwanza sitalitaja hapa.

Alikuwa mvulana wa miaka minne. Waliomtangulia walikuwa wawili na wote walikufa. Kule tulikotoka aliugua koo, wakampeleka kwenye zahanati, akachomwa penisilini. Kabla Hulan hajamfunga mkanda wa joho, midomo ilikuwa imevimba kama ya mwanakondoo aliyeumwa na nyuki. Ngozi ikatoka mabaka, pumzi ikawa inapiga mluzi, kisha hata mluzi ukakoma. Akawa wa bluu. Wakamchoma dawa nyingine upesi, akarudi. Hulan anasema alipofumbua macho alimtazama yeye kama mtu anayemtazama mgeni.

Mtawa aliulizwa. Akasema huyu ameshahesabiwa upande wa pili, na waliomhesabu watakuja kuchukua chao. Lililobaki ni kufanya wamkose wakija.

Basi Bibi alishona mtoto wa sufu, kimo chake kilekile, akamvisha nguo zake na kofia yake ya ngozi. Mjomba akamtoa kupitia mlangoni mchana kweupe, akampakia mbele ya tandiko, akaenda kumwacha kwenye mteremko wa kaskazini. Hulan alilia hadi akashikwa na kwikwi, na hakuwa anaigiza. Mtoto mwenyewe tulimpitisha chini ya ukuta wa hema, upande wa nyuma, mimi nikiwa nje kumpokea. Alitoka amevaa joho la waridi na utepe kichwani, kwa kuwa nywele zake zilikuwa hazijanyolewa hata mara moja. Bibi akaja kwa kuzunguka akaniuliza kwa sauti kubwa, "Binti wa nani huyo umemwokota?" Nikajibu kama nilivyofundishwa, kwamba nimemkuta kwenye nyasi.

Tukampa jina Hunbish, yaani si mtu. Majirani wapya walicheka, wakasema si-mtu gani huyu anakula kuliko watu. Ni majina ya kawaida kwetu, kila bonde lina mmoja. Wakaambiwa pia kwamba nyumba hii ilifiwa na mvulana.

Dulmaa alipopata habari alikuja na jibini kavu na kitambaa cha bluu kutupa pole. Bibi alivipokea kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka, na Hunbish amekaa mapajani pake anatafuna ile jibini ya msiba wake mwenyewe. Dulmaa akampapasa kichwa. "Angalau mna huyu," alisema. Nilitazama chini. Nilihisi kama kuna mtu amesimama nyuma yangu anasubiri nisogee.

Katikati ya baridi Hunbish aliugua. Siku mbili alikataa chai, ya tatu shingo ilivimba pande zote na mwili ukawaka moto. Asubuhi ile yalichomoza majua matatu, moja la kweli katikati na mawili ya uongo ubavuni, na ukungu wa barafu ukining'inia hewani kama unga. Mjomba alikuwa na wanyama mbali. Nilikwenda mimi kumwita Dulmaa, na njia nzima farasi aligeuza sikio moja nyuma, kama anayesikiliza mwingine anayetufuata.

Tuliporudi tulimkuta Hunbish ameketi kitandani, macho yamekaza mlangoni.

"Fungeni," alisema. "Anaingia."

Mlango ulikuwa umefungwa. Dulmaa akampigia magoti, akamuuliza kwa upole ni nani anayeingia.

"Yule mwenye kofia yangu. Anataka na viatu."

Hulan akaweka mkono mdomoni. Bibi akachukua masizi ya jiko akampaka mtoto puani ili asitambuliwe, tena kwa nguvu, mpaka Dulmaa akamwambia taratibu, Bibi, ana homa, watoto wenye homa husema mengi. Lakini niliona alivyogeuka kidogo kuutazama mlango.

Alimkagua kwa tochi na mpini wa kijiko. Koo lilikuwa jekundu, na usaha mweupe umeshika pande mbili kama vipande vya maziwa yaliyoganda. Alieleza kwamba haya siyo mafua, hii ni ile inayoweza kushuka hadi kwenye moyo na viungo isipokatizwa, na hapa dawa inafaa kweli. Kisha akatoka kuangalia mbingu. Aliporudi theluji ilikuwa begani mwake. Tufani inakuja, alisema, na huenda asiweze kurudi kwetu kwa siku nyingi. Dawa ya kunywa inataka mtu wa kuifuatilia. Sindano moja ya penisilini ingemaliza kazi leo hii, akaondoka moyo umetulia.

Alikuwa na haki ya kufikiri hivyo. Mtu yeyote angefikiri hivyo.

Tukamweka Hunbish kwenye blanketi, tukamning'iniza kwenye mizani ya kupimia sufu ya mbuzi, mimi na Hulan tumeshika mti. Dulmaa alisoma uzito mara mbili kwa sababu mtoto alikuwa anatikisika. Kisha akauliza maswali yake. Hulan alimtazama mama mkwe. Bibi ndiye aliyejibu.

"Mtoto huyu hajawahi kuugua," alisema. "Hajui sindano, hajui dawa. Alipatikana kwenye nyasi, mzima."

Dulmaa akarudia swali kwa Hulan, je, hakuna dawa yoyote iliyowahi kumvimbisha, kumtoa mabaka, kumbana pumzi. Hulan akasema, kwa sauti ndogo, ni kama Mama alivyosema.

Inafaa mtu aelewe kwamba Bibi hakuwa anadanganya. Kwake, aliyevimba alikuwa mteremkoni na theluji imemfunika, na huyu alikuwa mwingine. Nyumba nzima ilisimama juu ya hilo. Kuisema ile habari mbele ya mtoto ni kuwaonyesha wale waliomhesabu hema lake, ni kuwaambia mlichukua sufu, nyama iko hapa. Nami nilijua kitakachotokea akichomwa. Vitu hivyo viwili nilikuwa navyo kooni kwa pamoja.

Dulmaa alitoa kichupa kifuani, akakisugua viganjani, akachanganya dawa mpaka ikawa nyeupe kama maziwa. Akalowesha pamba kwa spiriti. Harufu ikajaa hema.

"Dada Dulmaa," nilisema.

Bibi akanitazama tu. Nikainama kuchochea jiko.

Lakini mtoto naye alikuwa ameinusa ile spiriti. Hakulia. Alijigeuza mwenyewe, akalala kifudifudi, akavuta joho la waridi juu mpaka kiunoni, akauma ukingo wa mto na kufumba macho. Akatulia hivyo, anasubiri.

Mkono wa Dulmaa ulibaki hewani. Sikumbuki upepo, sikumbuki jiko, nakumbuka tone moja lililoning'inia kwenye ncha ya sindano na halikuanguka. Mtoto ambaye hajawahi kuchomwa hawezi kujua jambo lile. Dulmaa alimtazama mtoto, akamtazama Bibi, kisha kwa muda mrefu alitazama nywele zile ndefu na utepe wake.

Akairudishia sindano kifuniko chake. Akaiweka mbali, akamshusha mtoto joho, akaomba chai.

Tulidhani atafoka. Yeye alikunywa bakuli zima la chai ya chumvi, akalipangusa kwa kidole. Halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyekuja kutembea tu, "Bibi, nilikuja hapa vuli kuwapa pole. Nikala chakula chenu nikaondoka, wala sikuuliza aliyekwenda alikwendaje. Nilikosa adabu. Naomba nisamehewe, na naomba niambiwe sasa."

Bibi akasema, "Ya nini kumtaja."

"Simuulizii huyu. Huyu simjui, ameokotwa kwenye nyasi. Namuulizia yule."

Nje theluji ilianza kupiga ukuta. Bibi alikaa akikunjua na kukunja upindo wa joho lake. Kisha akamwashiria Hulan, na Hulan akamvuta mtoto kifuani, akamfunika kichwa kwa koti la manyoya, masikio na yote. Bibi hakumgeukia Dulmaa. Alifungua kimlango cha jiko, akauambia moto.

Alisema kulikuwa na mvulana. Akasema koo lake lilikuwa kama hili. Akasema walimchoma ile nyeupe, na kabla mkanda haujafungwa midomo ikawa hivi, pumzi ikawa hivi, rangi ikawa hivi. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa, kama ya mtu anayesoma majina ya watu asiowajua. Alipofika kwenye ile rangi ya bluu, chini ya koti Hunbish alikohoa, na sote tuliruka.

Dulmaa alimsikiliza hadi mwisho.

"Asante," alisema. "Yule mvulana ameniambia jambo kubwa. Nilikuwa karibu kumuua huyu."

Hulan alianza kulia, Dulmaa akamwacha alie. Kisha akatueleza, akichagua maneno ili asimguse mtoto. Dawa hizi zina ukoo wake, kama watu. Nyumba ambayo mvulana wake hakupatana na mmoja wao, mtoto mwingine wa nyumba hiyo asipewe hata mmoja wa ukoo ule, iwe ya sindano, iwe vile vidonge vya rangi mbili vya amoksilini ambavyo watu hununua mjini kama peremende. Ni ndugu. Anayo ya ukoo mwingine, ya kunywa.

Akaitoa kifuani, akachemsha maji akayaacha yapoe, akamimina kwenye unga wa chupa hadi kwenye alama, akatikisa. Hulan akaleta kijiko. Dulmaa akakikataa, vijiko vya watu havilingani. Akatoa bomba la sindano lisilo na sindano, akapiga hesabu kwa uzito wa mizani, akarudia hesabu, akamwonyesha Hulan mstari na kumtaka auguse kwa ukucha. Hunbish akameza, akakunja uso, akasema ni tamu lakini ni mbaya.

Kisha Dulmaa akakaa kumtazama. Dawa ngeni ni dawa ngeni, alisema, hata ya ukoo mwema. Alimtazama midomo, shingo, tumbo, akasikiliza pumzi. Kando yake, juu ya kitambaa safi, aliweka kichupa kidogo cha dawa ya kumrudisha mtu pumzi ikimkatika. Mara mbili mtoto alielekeza kidole mlangoni na kusogeza midomo, bila sauti, na mara zote mbili Dulmaa aliangalia midomo, hakuangalia mlango. Baadaye mtoto alilala, jasho likamtoka kwenye mfereji wa mgongo, na mluzi haukuja.

Tufani ilimfungia Dulmaa kwetu. Ilipotulia aliondoka, akamwachia Hulan maagizo na kumtaka ayarudie. Mabaka, uvimbe, pumzi kubana, asimpe tena hata tone, tumfuate kwa mbio. Akiendelea vizuri, anywe kila siku mpaka siku tano ziishe, hata kama homa itaondoka kesho.

Na kweli homa iliondoka. Hunbish akaanza kukimbiza mwanambuzi ndani ya hema, na Bibi akataka chupa ifungwe. Alisema nusu iliyobaki itafaa baridi ijayo, au itafaa wanakondoo. Hulan, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga, alisema, "Mama, Dada Dulmaa alisema vijidudu waliokufa kwanza ni wale dhaifu. Waliobaki kooni ni wale wabishi." Bibi akasonya, akasema siku hizi hata vijidudu vina tabia. Lakini aliiacha chupa.

Siku ya mwisho Dulmaa alirudi. Koo lilikuwa safi, shingo imeshuka. Mjomba alimchinjia kondoo, akawa na haya, hakujua aseme nini, akawa anamwongezea mafuta tu kwenye bakuli. Dulmaa alikula, akafuta kisu chake. Kisha akasema jambo ambalo halikumpendeza mtu.

Alisema mwakani tutahamia malisho mengine, na huko atakuwepo tabibu asiyemjua yeye wala sisi. Atauliza, nasi tutamwambia mtoto alipatikana kwenye nyasi. Mtoto atakapokuwa mkubwa atajisemea. Mpaka siku hiyo Bibi ndiye mdomo wake.

"Sitaki mtaje jina," alisema. "Msimvue hata utepe. Lakini mfuko wa tabibu yeyote usifunguliwe kabla hamjamsimulia habari ya yule aliyekwenda. Tuifanyie mazoezi."

Bibi alisema huo ni utoto. Dulmaa alikuwa ameshatoka. Tukamsikia akizunguka, viatu vikikanyaga theluji, kisha kutoka nje ikaja sauti nyingine kabisa, ya kujikweza, ikipiga kelele kama wapigavyo wageni, shikeni mbwa. Akaingia akijifanya daktari wa mjini, akakaa vibaya, akasifu wanyama wasiokuwepo. Mjomba alicheka hadi chai ikampalia. "Huyu binti ana nini?" Dulmaa akauliza, mkono umeshaingia kifuani. "Amewahi kudhuriwa na dawa?"

"Mtoto huyu hajawahi kuugua," Bibi alijibu. Lilimtoka tu, kama pumzi.

Hakuna aliyecheka tena. Dulmaa alisimama akatoka. Akazunguka, akaita mbwa washikwe, akaingia, akauliza. Bibi alifungua mdomo, akamtazama Hunbish aliyekuwa anacheza na vifupa vya miguu ya kondoo, akaufunga. Dulmaa akatoka tena. Jua lilikuwa linashuka na baridi ilikuwa ya kukata, nasi tulimsikia huko nje akipuliza viganja, mwanamke mzima, anajiandaa kuwa mgeni.

Mara ya tatu alipouliza, Bibi alimvuta mtoto mapajani. Hakumfunika masikio.

"Kaa kwanza, tabibu," alisema. "Usifungue. Hapa palikuwa na mvulana."

Hapo ndipo kitu kiliposugua ukuta wa hema kwa nje, upande wa kaskazini. Kilisugua taratibu, kwa kimo cha mtoto mdogo, kikitoka nyuma kikija upande wa mlango, kama mbuzi anayejikuna. Mbuzi wetu wote walikuwa zizini, upande wa pili. Mjomba aliweka bakuli chini. Kikafika karibu na mlango, kikasimama.

Hunbish aliacha vifupa, akainua kichwa.

Dulmaa hakugeuka.

"Mimi ni tabibu mgeni, sijui lolote," alisema. "Mvulana huyo alichomwa nini?"

"Penisilini," alisema Bibi. Mikono yake ilikuwa imemzunguka mtoto mpaka vidole vimekuwa vyeupe. "Alichomwa penisilini, akavimba midomo, pumzi ikamkatika. Basi na huyu wangu msimguse nayo, wala ndugu zake wowote."

"Sema tena, Bibi. Kwa sauti."

Naye akasema tena, kwa sauti, akiuelekea mlango.